Mkopo Usiitwe Fadhila

Kuna maneno yanayopita kwenye taarifa za serikali na mabango ya mikutano bila mtu kuyasimamisha: ufadhili wa tabianchi. Hebu leo tuyasimamishe. Ufadhili umetoka kwenye fadhila, na fadhila ni wema unaotendewa bila kudaiwa. Anayekufadhili unamshukuru, humuulizi riba ni ngapi. Ndiyo maana neno hili linawafaa sana wanaolitumia, kwa sababu ukifungua bahasha ndani unakuta mkopo.

Mwaka 2009 pale Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zikitoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Zilifika 2022, miaka miwili nyuma ya saa yao wenyewe, na OECD, ambayo ni klabu ya hizo hizo nchi tajiri, ikatangaza kwamba lengo limepitwa: karibu bilioni 116. Makofi. Lakini ukisoma hesabu yao yenyewe, katika pesa zilizotoka kwa serikali na benki za maendeleo, asilimia 69 ilikuwa mikopo. Kwa kila dola kumi, karibu saba zinarudi zilikotoka, na nyingi zinarudi na watoto. Hiyo si fadhila, bana. Hiyo ni Fuliza yenye picha ya mti.

Na hata hizo hesabu zina vituko. Mwaka 2023 waandishi wa Reuters walizichambua, wakakuta Italia imeandika pesa za kusaidia kampuni kufungua maduka ya chokoleti na aiskrimu huko Asia. Marekani iliandika mkopo wa kupanua hoteli ya ufuoni Haiti. Ubelgiji, filamu ya mapenzi katika msitu wa Argentina. Japan nayo ikaandika kituo kipya cha umeme wa makaa ya mawe Bangladesh. Makaa ya mawe! Ni kama mtu akununulie sigara halafu adai amekulipia bili ya hospitali.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya Mathare. Aprili 2024 mto ulipanda usiku, keja za mabati zikaenda na vitu, na watu wakaenda nazo. Nchi nzima, mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 200. Maji yalipopungua, yakaja matingatinga: serikali iliamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Elfu kumi, Nairobi hii. Lipa kodi ya mwezi mmoja, nunua godoro na sufuria, imeisha. Na Kenya nzima, pamoja na magari yote ya wakubwa, inachangia sehemu ndogo sana ya hewa chafu ya dunia. Mama mboga aliyepoteza kibanda pale hakuchoma chochote zaidi ya jiko la makaa.

Hapo ndipo wataalamu wanapokuambia pole pole, kama mtu anayeongea na mtoto: pesa za serikali hazitoshi, lazima tuvutie wawekezaji. Haya. Nani atawekeza kwenye mtaro? Mtaro hauuzi kitu. Ukuta wa kuzuia mto hautoi risiti. Mitambo ya upepo inauza umeme, paneli za jua zinauza umeme, msitu siku hizi unauza vyeti vya kaboni, kwa hiyo huko mwekezaji anakuja mbio na koti lake. Lakini faida ya mtaro uliochimbwa vizuri ni mtoto ambaye hakufa, ni duka ambalo Jumatatu lilifunguliwa kama kawaida, na hivyo huwezi kumgawia mwenye hisa mwisho wa mwaka. Kumwambia mtu wa Mathare asubiri uwekezaji ni kumwambia asubiri basi ambalo njia yake haipiti hapo.

Na hata pale mwekezaji anapokuja, angalia nani anabeba mzigo. Pale Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Umeme safi, na siubezi hata kidogo. Mitambo ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuuleta umeme huku, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ikachelewa hadi 2018. Upepo ukavuma bure, na sisi tukabebeshwa faini ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha balbu hata moja. Wenyeji nao walienda kortini, na 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ile ardhi, ekari 150,000, hazikupatikana kisheria. Kwa lugha ya mikutano, mikataba ya aina hii inaitwa kumpunguzia mwekezaji hatari. Hatari haijapungua. Imehamishiwa kwako.

Julai 2023, IMF iliidhinishia Kenya mkopo wa tabianchi wa takriban dola milioni 551. Riba yake ni nafuu kuliko ya Eurobond, sawa, lakini nafuu si bure. Miezi michache baadaye, Dubai, mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kulipia madhara yaliyokwisha kutokea, ulipata ahadi za kama dola milioni 700. Kwa dunia nzima. Marekani iliahidi milioni 17.5. Yaani deni la kijani la nchi moja linakaribia fidia ya sayari. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tunakopa tukiwa matangani tayari.

Kuna jibu ambalo lazima litakuja, na mara nyingi linatoka kwetu wenyewe: wakipewa bure si wataiba? Wataiba, ndiyo, wanajulikana. Lakini ruzuku ikiibwa tumeibiwa mara moja. Mkopo ukiibwa, tunaibiwa halafu tunalipa. Anayeogopa wizi ndiye angepaswa kuogopa mkopo zaidi. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha uliotafuta kodi za kubeba madeni, na ndani yake kulikuwa na ushuru wa mazingira ambao ungepandisha bei ya nepi na simu. Kijani pia kinajua kuingia mfukoni.

Novemba 2024, Baku, nchi zinazoendelea zilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikapewa ahadi ya bilioni 300 ifikapo 2035, na maandishi yanaruhusu mikopo na pesa za kampuni zihesabiwe humo humo. Kwa hiyo bahasha inayofuata tunaijua kabla haijafunguliwa. Hazina isitie sahihi mkopo mwingine wa tabianchi kabla ya kuuweka mbele yetu, kwa Kiswahili cha kawaida: riba ni ngapi, tunalipa hadi mwaka gani, na ni ukingo wa mto upi unaojengwa. Na kwenye ile taarifa ya vyombo vya habari, pale walipozoea kuandika ufadhili, waandike deni.