Boksi Kwanza, Giaboksi Baadaye

Alfajiri, mtu anatoa gari lake uani ili aiwahi foleni, na nyuma anaacha doa jekundu la ukubwa wa kizibo cha soda. Halioni, au analiona na kulipuuza. Baada ya wiki kadhaa gari linachelewa kuingia D na injini inanguruma bila tairi kusogea. Gereji ya kwanza anayoifikia inamwambia giaboksi imekufa, akatafute ya mtumba kutoka Japani. Hakuna aliyelala chini ya gari na tochi.

Tabia hii ya kuihukumu giaboksi bila kuikagua inawagharimu wenye magari fedha nyingi bila sababu. Giaboksi ya automatiki haili mafuta kama injini iliyochoka. Mafuta yake yanazunguka mle mle, kwa hiyo yakipungua yamevuja. Mara nyingi panapovuja ni kwenye kitu cha bei ndogo: gasketi ya sampo, washa ya bolti ya kumwagia oili, oili sili ya shafti ya tairi, au mpira uliokakamaa wa bomba linalopeleka mafuta kupoa kwenye rejeta. Maangamizi huja baadaye, gari likiendelea kutembea na mafuta pungufu. Pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi za ndani zinateleza hadi zinaungua.

Uchunguzi wa kwanza unahitaji katoni tu. Ikunjuliwe, itandikwe chini ya gari usiku, na kalamu ichore yalipo matairi ya mbele. Asubuhi tone lisuguliwe kati ya vidole viwili. Mafuta ya giaboksi yakiwa mapya huwa mekundu, yakizeeka hugeuka hudhurungi, na ni mepesi kuliko oili ya injini. Yakinuka kuungua, madhara yameshafika ndani. Giaboksi za CVT, yaani automatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za kawaida, zichunguzwe kwa uangalifu zaidi, maana baadhi ya mafuta yake ni ya kijani au bluu.

Rangi peke yake inadanganya. Kulanti ya Toyota nayo ni nyekundu au ya waridi, lakini tone lake likitiwa kwenye kikombe cha maji huchanganyika, ilhali mafuta huelea. Usukani wa Toyota nyingi za zamani pia unatumia mafuta mekundu yale yale, kwa hiyo kopo lake litazamwe kabla ya kuilaumu giaboksi. Tena, panapodondoka si lazima pawe ndipo panapovuja, kwa sababu upepo wa mwendo huyasukuma mafuta nyuma. Sehemu yote isafishwe na kukaushwa, gari liendeshwe kilomita chache, kisha jicho lifuate unyevu kuelekea juu mpaka unapoanzia.

Klipu ya mpira, washa na gasketi ya sampo zinaweza kubadilishwa nyumbani na mtu mwenye subira. Bolti za sampo ni ndogo na zinataka nguvu kidogo tu. Anayezikaza kwa hasira hupinda sampo na kuzidisha uvujaji. Ila jeki pekee isiaminiwe, na tofali za saruji zisiaminiwe kabisa, maana hupasuka ghafla. Ziwepo stendi za chuma, au kazi isifanyike. Mafuta yakitokea pale injini inapoungana na giaboksi, huenda ni sili ya pampu. Hiyo inadai giaboksi ishushwe, na ni kazi ya fundi.

Kosa jingine linafanyika dukani, mteja anapoomba "haidroliki" na kupewa kopo lolote lililo karibu. Giaboksi ya Toyota iliyoandikiwa mafuta ya aina ya WS haitaki ya T-IV. CVT, kama ya Nissan X-Trail ya T31, ina mkanda wa chuma unaotegemea mafuta yake maalumu; ukiteleza, unajikwangua. Hata kipimo kina masharti yake. Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi hupimwa injini ikiwaka na mafuta yakiwa ya moto, baada ya gia zote kupitishwa, wakati Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imetoka kuzimwa. Anayejaza kupita alama naye anajiletea taabu: mafuta hutoa povu na kutokea kwenye kipumulio, na mwenye gari anadhani uvujaji umerudi. Dawa za chupa za kuziba uvujaji huvimbisha mpira kwa muda tu. Sili iliyochanika hubaki imechanika.

Mafuta machafu yawekwe kwenye dumu na kupelekwa gereji inayoyakusanya, kamwe yasimwagwe mtaroni.

Na wewe uliyeambiwa leo ununue giaboksi nyingine, usitoe hela bado. Mwombe fundi aoshe, akaushe, kisha akuonyeshe kwa kidole panapovuja. Akishindwa, chukua gari lako utafute fundi mwingine.