Mgonjwa anayepumzika asiitwe mvivu

NILISOMA shule ya msingi Karagwe, Tanzania, miaka ya 1980, wazazi wangu wakiwa wakimbizi huko. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka, kisha shamba la shule, ndipo tuingie darasani. Mtoto aliyeketi kabla hajamaliza tuta lake aliitwa kupe. Mimi sikuwahi kuitwa hivyo, na niliporudi Rwanda mwaka 1994 nilirudi na sifa hiyo.

Sifa hiyo imenigharimu. Miaka sita iliyopita niliambiwa hospitalini kwamba nina baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Dawa huutuliza, haziumalizi. Kuna siku naamka mzima kabisa, na kuna siku siwezi kufunga kifungo cha blauzi.

Kosa langu lilikuwa katika zile siku nzuri. Nikiamka mzima nilifua mablanketi, nikapalilia maharage, usiku nikasahihisha madaftari ya madarasa mawili. Siku mbili zilizofuata chaki ilinidondoka. Nikaogopa, nikaanza kulala hata siku nzuri. Hapo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu misuli isiyotumika hudhoofu na magoti yakakakamaa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nipumzike saa ikifika, nisingoje maumivu. Sasa nasahihisha madaftari kumi, naamka, natembea uani, narudi. Siku mbaya nafanya kidogo, lakini nafanya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 nao unawashauri watu wazima wenye maradhi ya kudumu walenge angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kadiri hali yao inavyoruhusu, na unasema hata kidogo ni afadhali kuliko kukaa bure.

Naisifu siku ya Kigali isiyo na magari, iliyoanza mwaka 2016. Watu hukimbia na kupimwa shinikizo la damu na sukari. Lakini mtu aliyekaa kitini wiki nzima, kisha akakimbia Jumapili moja mpaka akachechemea, anarudia kosa langu la mablanketi.

Ugumu uliobaki ni macho ya watu. Kwenye umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, huwa nachukua kigoda. Nafyeka dakika ishirini, naketi kumi. Jirani mmoja aliniuliza, "Mwalimu, umechoka mapema hivyo?" Nikamjibu kwamba bado sijachoka, ndiyo maana nimeketi. Alicheka, lakini nilimwona akimnong'oneza mwenzake. Mwezi uliotangulia alikuwa ameniona nikibeba mawe, kwa hiyo anadhani ugonjwa huu nauvaa na kuuvua nipendavyo.

Shuleni ni vigumu zaidi. Nafundisha vipindi vitano mfululizo asubuhi, nimesimama, kisha mchana nina vipindi vitatu vitupu. Nilimwomba mwalimu mkuu anipangie kipindi kimoja kitupu katikati ya asubuhi. Sikuomba kupunguziwa hata kipindi kimoja. Alinijibu, "Wengine watasemaje?" Wapo walimu wawili zaidi shuleni petu, mmoja ana kisukari na mwingine anaumwa mgongo, ambao hawajathubutu kuuliza. Ratiba ya muhula ujao inapangwa wiki hii. Nimeandika ombi kwa niaba yetu sote watatu, nao wamekubali kutia sahihi.