Kabla ya Kukata Tiketi ya Kwenda Kukatwa Tumbo

Leicester, Uingereza

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na popote mlipo huko nyumbani,

Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu swali mnaloniuliza ni lile lile, na kumjibu kila mmoja kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane kumenishinda. Mnaijua kazi yangu: mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na wagonjwa wangu wengi ni watu waliokuja kupunguzwa tumbo. Basi kila anayesikia hivyo huuliza: "Ipi nzuri, puto, sliivu au baipasi?" Hapo hapo hunitajia bei aliyopewa Istanbul au Chennai, nami najua kwamba tiketi inakaribia kukatwa.

Jibu langu ni hili: operesheni nzuri ni ile inayolingana na maradhi uliyo nayo na mahali utakapokuwa unaishi miaka 10 baada yake. Bei si kigezo cha kwanza, wala shoga yako aliyepungua mpaka nguo zote zikashonwa upya.

Tuanze na nani anastahili. Huku mtu hufikiriwa kwa upasuaji BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, ikifika 40, au 35 kama tayari ana maradhi yanayofuatana na unene, kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Kwetu sisi wenye asili ya Afrika mwongozo wa Uingereza unashusha viwango hivyo kwa 2.5, kwa kuwa madhara ya unene hutuanza mapema. Kwa mfano, mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 anafika 35 akiwa na kilo 90 hivi, na 40 akiwa na kilo 102. Mwenye kilo 75 anayetaka kiuno cha siku ya harusi hahusiki na barua hii, na daktari atakayekubali kumpasua aogopwe.

Puto si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa likiwa ndani ya mfuko wa chakula, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6. Hospitali ya Mloganzila wameshaliweka kwa watu wengi, kwa hiyo halihitaji pasipoti. Linamfaa mtu ambaye unene wake haujafika kiwango cha kisu, au yule mzito mno anayetakiwa kupungua kidogo ndipo apasuliwe. Ila likishatoka, njaa inarudi, na asiyebadilisha sahani yake hurudi alikotoka. Bendi, ule mkanda uliokuwa ukifungwa juu ya mfuko wa chakula, siku hizi imekuwa adimu, kwani wengi walilazimika kurudi kufanyiwa operesheni nyingine. Akikushawishi mtu kuhusu bendi, muulize kwa nini wenzake wameiacha.

Tunabaki na mbili zinazowagombanisha watu. Kwenye sliivu, daktari hukata na kutoa kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, kikabaki kifuko chembamba kirefu. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoleta njaa. Ndiyo maana wagonjwa hutuambia kwamba mbali na kushiba upesi, hata hamu yenyewe imepoa. Utumbo hauguswi. Lakini kilichokatwa kimekwenda, hakirudi.

Baipasi ni kongwe zaidi. Edward Mason aliianzisha Iowa, Marekani, mwaka 1966, na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Hutengwa kifuko kidogo juu, cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba hukatwa, hupandishwa na kuunganishwa nacho. Mfuko mkubwa hauondolewi. Unaachwa humo humo ndani, ila chakula hakipiti tena. Likumbukeni hilo, nitalirudia. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa nusu kaputi.

Avumaye baharini papa, na papa wa leo ni sliivu: ndiyo inayofanywa zaidi duniani, ni nyepesi kwa daktari na haichukui muda mrefu. Je, baipasi inaishinda kwa uzito? Kidogo tu. Kumbukumbu za hospitali za Marekani zilizochapishwa 2018 zilionyesha kuwa baada ya miaka 5 waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua karibu robo ya uzito wao, na wa sliivu karibu moja ya tano. Uswisi walipopiga kura kuwagawa wagonjwa 217 kati ya hizo mbili, baada ya miaka 5 tofauti ya uzito haikuwa ya kutia maanani. Kwa hiyo anayechagua kwa kilo peke yake hana cha kuchagulia.

Kinachoamua ni maradhi. La kwanza ni kisukari cha aina ya pili. Norway waliwalinganisha wagonjwa 109 wa kisukari, na baada ya mwaka mmoja asilimia 74 ya waliopata baipasi walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa, dhidi ya asilimia 47 ya wa sliivu. La pili ni kiungulia. Kule Uswisi, kati ya waliokuwa nacho kabla, kilizidi kwa asilimia 32 ya wa sliivu na kwa asilimia 6 tu ya wa baipasi. Kile kifuko chembamba cha sliivu kina msukumo mkubwa ndani, na asidi hupanda juu. Wewe unayelala umeegemea mito mitatu kwa sababu ya kiungulia, hili linakuhusu kabla halijamhusu mhasibu wa hospitali.

Mtasema basi baipasi iwe ya wote. Hapana, na hapa ndipo mahali unapoishi panapoingia.

Kwanza, vidonda vya tumbo. Bakteria anayevisababisha, Helikobakta pilori, ameenea sana kwetu. Baada ya baipasi, ule mfuko mkubwa ulioachwa ndani haufikiki kwa kamera ya kawaida ya kumeza. Ukivuja damu au ukiota kitu kibaya, kuuchungulia ni kazi ya pekee. Kwa hiyo pimeni bakteria huyo na mmezeshwe kamera kabla ya operesheni yoyote, na kama kuna saratani ya tumbo katika ukoo, mwambieni daktari siku ya kwanza kabisa.

Pili, diklofenaki. Huko nyumbani mgongo ukiuma, goti likiuma, mtu anaingia duka la dawa anatoka nayo bila cheti. Kwa aliyefanyiwa baipasi, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinaweza kuchimba kidonda pale utumbo ulipounganishwa, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Sigara nayo hufanya vivyo hivyo. Kama unaishi kwa dawa hizo kwa ajili ya magoti, zungumza na daktari kabla hujamwambia "baipasi".

Tatu, utumbo kunyongwa. Baada ya baipasi kunaweza kubaki uwazi ndani, utumbo ukapenya na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Mtu hushikwa na maumivu makali ya ghafla, akatapika au asitapike. Anahitaji kipimo cha CT na daktari wa upasuaji anayeijua baipasi, usiku huo huo. Aliye Masasi au Wete ajiulize atafika wapi, kwa muda gani, na nani atakuwa zamu.

Nne, vitamini. Zote mbili zinazihitaji maisha yote, baipasi zaidi: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na huku wagonjwa wetu huchomwa sindano ya B12 kila baada ya miezi 3, na damu hupimwa kila mwaka. Anayeacha kwa sababu hela imekwisha huweza kuishia na upungufu wa damu au ganzi ya miguu. Basi pigeni hesabu ya operesheni pamoja na hesabu ya duka la dawa la miaka yote itakayofuata.

Sasa hizo safari. Siwakatazi; India na Uturuki wako mabingwa wa kweli. Ninachokiogopa ni mpango wa siku chache: unatua, unapasuliwa, unarudishwa uwanja wa ndege. Mshono ukivuja, dalili huweza kujitokeza ukiwa umeshafika nyumbani: homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayozidi. Kukaa kwenye ndege saa nyingi baada ya upasuaji nako huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kaeni kule mpaka daktari awapime tena, na msipande ndege bila ripoti ya operesheni iliyoandikwa walichokata na walichounganisha. Anayetapika siku baada ya siku asijikaze nyumbani. Upungufu wa vitamini B1 unaweza kudhuru ubongo, na huja upesi kuliko watu wanavyodhani.

Dada zangu, uzazi huamka uzito unaposhuka, hata kwa aliyekata tamaa. Inashauriwa mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya kupanga uzazi haviaminiki baada ya baipasi, kwa hiyo tafuteni njia nyingine mapema. Na mnaofunga Ramadhani, msifunge mwaka huo wa kwanza bila idhini ya daktari, maana maji hayanyweki kwa mkupuo tena. Kwa mwenye baipasi, kaimati tatu na glasi ya sharubati wakati wa kufuturu zinaweza kumwangusha kwa jasho, moyo kudunda na tumbo la kuhara.

Mtaniuliza pia kuhusu sindano za kupunguza uzito, kama Wegovy na Mounjaro. Zinafanya kazi. Ila uzito hurudi kwa wengi wanapoziacha, kwa hiyo nazo zina hesabu yake ya kila mwezi.

Nanyi msiopasuliwa, ombi moja. Mtu akipungua kilo 30 kwa miezi michache, msianze kunong'ona kwamba ana ngoma, wala msimsukumie sahani ya pilau mkisema amekonda anatia aibu ukoo. Nimewaona wagonjwa wa kwetu wakificha operesheni yao hata kwa mama mzazi kwa kuogopa maneno, na anayeficha haji kuomba msaada tumbo linapomshika.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata malipo ya awali, muulizeni daktari haya: Kwa kisukari changu na kiungulia changu, kwa nini hii na siyo ile? Mmepima vidonda vya tumbo? Nikishikwa na maumivu usiku baada ya miaka 3, nikiwa kwetu, nimpigie nani na nipelekwe wapi? Damu yangu itapimwa na nani kila mwaka? Akikujibu yote kwa utulivu na kwa maandishi, kaa mzungumze bei. Akiruka hata moja na kurudi kwenye punguzo la wiki hii, chukua majibu yako ya vipimo uondoke.

Wasalaam,
Ndugu yenu muuguzi