Sahani ya Mtoto Siku ya Noeli



Siku ya Noeli na siku ya Bonane kila nyumba ya Kivu hupenda kupika vizuri. Mama huponda sombe asubuhi na mapema, huitia mawese na karanga. Mwenye kuku huchinja. Akaaye karibu na ziwa huleta sambaza. Watoto walio mbali hurudi, majirani huitwa, na bugali huwekwa katikati. Hili ni jambo jema. Mkristo hakukatazwa karamu. Watu wa Israeli walipolia kwa kusikia Sheria, Nehemia aliwaambia waende wakale na kunywa, tena wawapelekee fungu wale wasiotengenezewa kitu (Nehemia 8). Lakini nina neno juu ya fungu hilo, namna tunavyoligawa.

Katika nyumba nyingi kuku hugawanywa kwa kufuata ukubwa wa mtu. Firigisi ni ya baba. Mapaja ni ya wageni na wazee. Mama hubaki na shingo, na pengine hata hiyo haipati, maana kwao alikatazwa kuku na mayai tangu utoto. Watoto hukaa chini wote pamoja kwenye sahani moja. Wakubwa wana mikono ya upesi. Yule wa miaka miwili angali anatafuna tonge lake la kwanza, na wenzake wamekwisha kumaliza nyama. Yeye hubaki na bugali na mchuzi. Nasi tunasema, "Mtoto ameshiba," kwa sababu tumbo lake limejaa. Lakini kujaa tumbo si kulishwa mwili.

Bwaki mnaijua. Miguu ya mtoto huvimba, na uso pia; nywele hugeuka nyekundu na kung'oka upesi; ngozi hubambuka; naye hataki tena kucheza. Asiyejua humwona amevimba, akasema amenona. Waganga huuita ugonjwa huu kwashiorkor. Neno hilo si la Ulaya. Ni la watu wa Accra, nchi ya Ghana, na Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi kule, aliliandika mwaka wa 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa kunyonya kwa sababu mwingine anazaliwa. Huku kwetu watu wa Bukavu waliunda Comité Anti-Bwaki mwaka wa 1965 ili wapigane nao. Miaka mingi imepita, na watoto wa bwaki wangali wanaletwa hospitalini. Vita, kukimbia mashamba na umaskini vina sehemu kubwa. Surua na kuhara huzidisha. Hayo baba mmoja hawezi kuyaondoa. Lakini sahani iko mkononi mwake.

Najua wazee watauliza, "Je, wataka tuvunje heshima? Mtoto atangulie kula mbele ya baba yake?" Ninajibu: kuheshimu wazazi ni amri ya Mungu, wala siigusi. Baba apewe firigisi yake, ni kipande kidogo. Mgeni naye apewe. Ninachokataa ni desturi ya kumhesabu mdogo mwisho, na mama mwenye mimba pamoja naye, hali hao ndio miili yao inajengwa. Kuku mmoja hawezi kushibisha watu kumi na wawili, lakini anaweza kumpa kila mtoto kipande chake, kama mgawaji amekusudia hivyo kabla chakula hakijatoka jikoni. Na kwa kuwa mama huogopa kubadili desturi peke yake, asije akasemwa na wakwe, baba na aseme mwenyewe mbele ya wageni, "Watoto wapewe kwanza." Neno hilo halimpunguzii baba heshima. Linamwongezea.

Wengine watasema, "Noeli ni siku moja tu. Nyama ya siku moja haiponyi bwaki." Ni kweli kabisa. Lakini siku ya karamu ndipo watoto wetu wanapojifunza nani ahesabiwe kwanza, nao watafuata hivyo mwaka mzima, kwa ndagala, kwa maharagi na kwa yai. Tena mayai hayamfanyi mwanamke tasa, wala hayamfanyi mtoto mwizi. Hofu hiyo imewanyima wengi chakula kinachotoka katika kiota cha kuku wao wenyewe.

Kuna neno lingine. Siku hizi watu huuza kuku, mayai na maharagi ili wanunue chupa za maji ya sukari na biskuti, kwa kuwa wanaona haya kumpa mgeni wa mjini sombe. Haya hiyo ni ya nini? Maji ya sukari hayajengi mwili wa mtoto. Sombe iliyopondwa vizuri na kuchemshwa sana, mpaka sumu ya jani bichi imetoka, ikatiwa karanga na sambaza, ni chakula cha nguvu. Sambaza walitolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa katika Ziwa Kivu kati ya mwaka wa 1958 na 1960, na sasa wanauzwa sokoni karibu kila mahali kandokando ya ziwa. Ukiwakausha na kuwasaga, unga wao unafaa kutiwa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, naye aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.

Basi fanyeni hivi. Kila mtoto mdogo awe na sahani yake mwenyewe, na mtu mzima akae karibu naye mpaka amalize. Mwenye mimba na anyonyeshaye wasinyimwe nyama wala mayai. Chakula kilicholala kichemshwe tena kabla ya kuliwa, maana kuhara kwingi huanza siku ya pili ya karamu.

Bwana Yesu alipomfufua binti wa Yairo, watu wote walistaajabu, hata wazazi wakasahau jambo moja. Yeye hakulisahau: aliagiza binti apewe chakula (Marko 5). Tunaposherehekea Noeli tunamkumbuka Mtoto aliyelazwa horini. Kabla baba hajanawa mikono na kuomba baraka, na aulize kwanza, "Mdogo wetu amepata?"