Ndoo na Sabuni Hazitoshi kwa Mtoto wa Delta

Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika na kufunika mashamba na makazi ya watu wa Rufiji na Kibiti, wengi wetu tulichanga. Tulitoa unga, nguo, ndoo, sabuni na dawa ya kutibu maji. Tulifanya vema. Lakini maji yalipopungua, nasi tukapungua. Tunajiuliza leo: mtoto wa delta tumemtendea hisani tu, au na haki pia?

Tuanzie tumboni mwake. Wengi tunadhani kinga ya mwili imo kwenye damu. Kumbe sehemu kubwa ya seli za kinga za binadamu hukaa kwenye utumbo, kwa kuwa huko ndiko vitu vya nje huingia kila siku kwa chakula na maji. Kinachotenganisha vitu hivyo na mwili ni ukuta wa seli wenye safu moja tu. Nyuma ya ukuta huo seli za kinga zimepiga kambi. Baadhi huchunguza kinachopita, baadhi hutengeneza kingamwili zinazonasa vijidudu kabla havijagusa ukuta, na nyingine humeza vile vilivyopenya. Zipo pia zinazotuliza zile nyingine, ili mwili usipigane na ugali na samaki, wala na bakteria wema wanaoishi humo. Kazi ya kuzitambua seli hizo za kutuliza iliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Mtoto huzaliwa kambi hiyo ikiwa changa. Mama humwazima kingamwili zake kupitia maziwa, hasa dang'a, yale ya kwanza, mazito na ya manjano. Tukimsikia bibi akisema dang'a ni uchafu wa kukamuliwa na kumwagwa, tumweleze kwa adabu kwamba hiyo ndiyo akiba ya kwanza ya mjukuu wake.

Sasa tumtazame mtoto huyo akianza kutambaa Salale au Maparoni. Mikoko ya delta, zaidi ya hekta 50,000, ni fahari ya nchi. Lakini maji ya bahari hupanda na kushuka kati ya vijiji, visima vingi huonja chumvi, na shimo la choo hukutana na maji mapema. Mtoto humeza vijidudu kidogo kidogo kila siku. Hata asipoharisha, kambi ya tumboni haipumziki. Vita visivyokwisha huuchakaza utumbo: vile vinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula hufupika, ukuta huanza kuvuja, na lishe nyingine hutumika vitani badala ya kumkuza mtoto.

Haya si ya kubuni. Huko Haydom, mkoani Manyara, utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ulikuta vijidudu vya kuharisha hata kwa watoto wasioharisha, na wengi wao walidumaa. Kwa taifa zima, takwimu za 2022 zinaonyesha kwamba watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hata chanjo ya matone ya rota, tuliyoanza kuitoa nchini mwaka 2013 na inayookoa wengi, hukinga kwa kiwango kidogo zaidi katika nchi maskini kuliko tajiri; utumbo uliochakaa unadhaniwa kuwa sababu mojawapo. Basi tuache kumwambia mama wa delta kwamba hajui kulisha. Huenda anamlisha vizuri mtoto ambaye utumbo wake uko vitani.

Atatokea wa kusema: tuzidishe ndoo na vyoo vya shimo. Wenzetu wa magharibi mwa Kenya walijaribu. Utafiti mkubwa wa akina mama zaidi ya 8,000, uliotangazwa mwaka 2018, uligawa dawa ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono. Watoto hawakurefuka zaidi kwa hivyo pekee. Hatusemi tuache kunawa. Tunasema msaada mdogo hauwezi kushika nafasi ya maji ya bomba na makazi safi.

Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 unayahesabu maji safi kuwa haki ya msingi ya binadamu, na haki hudaiwa. Kwa hiyo, jumuiya zetu ndogo ndogo zisiishie kuchanga. Tukae na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huko, twende pamoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tumuulize diwani na RUWASA mradi wa maji umefikia wapi. Tuulize tena mwezi ujao. Nasi tunaojiandaa kuwa mapadre tujizoeze kuuliza swali hilo sasa, kabla ya mafuriko mengine kutukumbusha.