Baridi ya Njombe haisubiri mbolea

Mvua za kwanza zinapoanza Njombe na Makete mwezi Novemba, mkulima ambaye mbolea haijamfikia hujipa moyo kwamba wiki mbili si kitu. Katika maeneo ya joto, kuchelewa huko huweza kusameheka. Nyanda za juu hakusameheki, na sababu yake ni baridi.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mahindi karibu husimama kukua joto linaposhuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana mbegu ya H614 huko hukaa shambani miezi sita au zaidi, wakati mahindi ya Morogoro huvunwa kwa takriban miezi minne. Anayepanda Januari mvua humkatikia punje hazijajaa, kisha Juni huingia na zile usiku za Makete ambazo umande hugeuka barafu.

Udongo nao huwa wa baridi. Mizizi michanga hushindwa kufyonza fosforasi ya kutosha na majani huanza kuwa ya zambarau. Kwa hiyo DAP ni mbolea ya kuingia shimoni pamoja na mbegu. Ikiwekwa wakati wa palizi, sehemu kubwa ya fedha imepotea.

Hasara humfuata mfanyabiashara mdogo pia. Mahindi yaliyochelewa hufika sokoni hayajakauka. Kiwango cha unyevu kinachokubalika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5; yakizidi hapo huota ukungu ghalani, na kilo alizolipia hupungua.

Serikali ilizindua ruzuku ya mbolea jijini Mbeya Agosti 2022, na ilifanya vyema. Lakini kwa wilaya za baridi, tarehe ya mfuko kufika ina uzito kuliko idadi ya tani. Mawakala wa Makete na vijiji vya juu wapelekewe kwanza, ifikapo Oktoba, kabla barabara za milimani hazijawa tope.

Na mkulima ambaye Krismasi imemkuta hajapanda, heri shamba hilo aweke viazi mviringo, vinavyokomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Mbegu yake ni ghali, ni kweli. Asiyeimudu anazo njegere, ambazo huvumilia baridi.