Harusini Tunaweka Simu Mkobani, Msituni Je?



Sote tunaijua desturi ya harusi zetu za kike hapa Unguja. Ukifika mlangoni unaambiwa simu iweke mkobani, na hakuna anayekasirika. Ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza, na hakuna anayetaka kesho kujiona kwenye simu ya mtu asiyemjua. Hata dukani kwetu, mteja akija kujaribu gauni hatumpigi picha mpaka aseme ndiyo.

Sasa sikilizeni tuliyoyafanya Jozani.

Siku ya tatu ya sikukuu, sisi wanawake tisa wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulikodi gari, tukachukua watoto wetu tukaenda msituni. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na kutoka mjini ni kama kilomita 35 tu, lakini wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuingia. Tunapita tu tukienda Makunduchi kwenye mialiko. Wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumuona kima punju, kwa sababu hapatikani porini popote duniani isipokuwa visiwani kwetu. Sisi majirani zake ndio hatumjui.

Alitupendeza sana. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimemzunguka usoni. Muongozaji alitwambia kuwa kima hawa wanakula majani ya miembe na mikungu, na kwamba huokota makaa wakayatafuna, yakawasaidia kupunguza sumu ya majani hayo tumboni. Watoto walicheka, kima anakula makaa!

Karibu na barabara tukamkuta mmoja amekaa kwenye tawi la chini, mwanawe amemng'ang'ania tumboni. Hapo adabu ikatutoka. Simu tisa zikanyanyuka. Mwenzetu mmoja akatoa andazi ili amvute ageuke. Muongozaji akasema, "Dada zangu, msimpe kitu, na rudini nyuma kidogo." Tukamjibu, "Kaka, picha moja tu, kiingilio si tumelipa?" Akanyamaza. Tukasogea.

Yule mama alituangalia, akamkumbatia mwanawe, akaruka chini na kukimbia kuvuka barabara. Gari ilikuwa inakuja. Bahati dereva alikuwa amepunguza mwendo kwa sababu ya matuta, akafunga breki. Mama na mwana wakafika ng'ambo salama, alhamdulillah. Sisi tulibaki tumesimama na andazi letu.

La ajabu ni kwamba picha ilitoka nzuri. Tuliiweka kwenye status usiku ule ule, na asubuhi wateja wakaanza kutuuliza, "Mlimpataje karibu hivyo? Na sisi tunataka twende." Hapo ndipo tulipoifuta, kwa sababu tuliona picha yetu inawafundisha wengine kufanya kosa lile lile.

Wapo watakaosema mnyama hana aibu wala hajui simu, picha inamdhuru nini? Ni kweli, picha yenyewe haimdhuru. Kinachomdhuru ni yale tunayoyafanya ili tuipate. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, si mkate wala vitu vitamu. Akizoea kulishwa, ataifuata njia ya watu na magari. Na mafua tunayokohoa sisi, yeye pia anaweza kuyapata.

Wala si Jozani peke yake. Kule Maasai Mara, Kenya, utafiti uliochapishwa 2018 uliwaangalia duma. Majike walioishi kwenye watalii wengi walikuza watoto wachache mno kuliko wenzao walioishi kwenye watalii wachache. Kila mtu kwenye gari lake alitaka picha moja tu, kama sisi.

Na tusiwatupie lawama waongozaji. Sisi wafanyabiashara tunajua mteja aking'ang'ania unavyopata tabu kusema hapana. Mwanamke anakuja na kitambaa kidogo anataka gauni kubwa, ukimwambia hakitoshi anakwenda kwa jirani. Muongozaji naye anategemea bakshishi zetu. Kumbe sisi wageni ndio wa kumrahisishia kazi, tusimuombe asichopaswa kutoa.

Wengi wetu tulisimuliwa tangu chuoni habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, akawa anahangaika juu ya watu, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arudishiwe. Tunaisimulia kwa watoto wetu kila siku. Siku ile watoto walikuwa pale pale, wakatuona mama zao tunamhangaisha mama mwenzetu kwa ajili ya status.

Kwa hiyo dada zetu, nendeni Jozani. Nendeni Mikumi, nendeni Serengeti mkijaaliwa. Pigeni picha, lakini simu haina haja ya kufika usoni kwa mnyama, vuteni kwa kioo. Zimeni taa ya simu na sauti. Chakula kibaki kwenye gari. Ukimuona mnyama ameacha kula anakutazama wewe, ujue umekaribia mno, rudi nyuma. Akiwa na mtoto, rudi zaidi. Na muongozaji akisema basi, iwe basi, kisha mpeni bakshishi yake vizuri.

Sisi tumekubaliana kurudi sikukuu ijayo, inshaallah, na watoto wale wale. Safari hii mandazi tutayala kabla ya kushuka garini.